Alama za Kukosa

Harjit Singh wa Muthangari alikuwa mtu pekee katika Nairobi nzima aliyefurahi kila alipoambiwa amekosa. Kila mwaka, mvua ya masika ikishapita na baridi ya Juni ikianza kuuma vidole, simu ililia nyumbani kwake, na upande wa pili alikuwa mwanawe Ajit, aliyekuwa akiishi Marekani. Harjit alisikiliza, akapiga paja kwa kiganja, kisha akamgeukia mkewe na uso wa mtu aliyemwoza binti yake kwa watu wazuri.

"Nimekosa tena!"

"Hongera," alijibu Satwant bila kuinua macho kwenye cherehani yake. "Watoto wa wenzetu wanapiga simu kusema wamepata. Wako anapiga kusema umekosa, na wewe unataka chai iongezwe sukari."

Alichokuwa akikikosa kila mwaka ni kibali cha kumwinda mnyama mmoja, katika eneo moja, kwa siku chache za msimu mmoja, kwenye milima ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Ukitaka kuelewa kwa nini mzee mwenye akili zake timamu, mwenye gereji mjini na wajukuu, alikihangaikia kibali hicho hivyo, inabidi turudi nyuma kidogo, hadi kwa Makau.

Makau alikuwa Mkamba wa Makindu. Walikutana kwenye gurdwara ya huko, hekalu la Masingasinga, mahali ambapo kila msafiri wa njia ya Mombasa hula bure, awe Singasinga au awe nani. Wakati huo Harjit alikuwa kijana mwenye bunduki mpya na maneno mengi. Alikaa chini na sahani yake ya dengu, akaanza kumsimulia jirani aliyekaa naye jinsi nyati alivyompotea asubuhi ile. Jirani huyo alisikiliza mpaka mwisho, akamega chapati, akasema, "Wewe ulikuwa unatembea na upepo kwa mgongo. Hata mimi nilikunusa nikiwa hapa." Harjit alicheka mpaka akapaliwa, na tangu siku hiyo hakuenda porini bila Makau.

Namna yao ya kuwinda ilikuwa moja. Makau alitangulia, Harjit akafuata. Makau alibeba mkononi kifuko cha majivu ya jiko, yaliyochekechwa yakawa laini kama unga, na kila baada ya hatua chache alikitikisa. Majivu yalitoka kidogo, yakaelea, na wote wawili wakaona upepo unaelekea wapi. Vifuko hivyo alivishona Satwant kwa vilemba vya mumewe vilivyochakaa, kwa sababu kitambaa cha kilemba ni chepesi na hupitisha majivu bila kuyamwaga. Alilalamika kila mara kwamba yeye hakuolewa ili ashonee upepo nguo. Lakini alishona, na alijua kwamba Makau anapenda vya rangi ya buluu.

Leseni ilikuwa moja, na jina lilikuwa moja, la Harjit. Ndivyo ilivyokuwa kwa wawindaji wote wa siku zile. Mfuata nyayo hakuandikwa popote. Alikuja na mwenye leseni, kama spana inavyokuja na fundi. Bunduki Makau aliibeba, aliisafisha, aliipangusa vumbi, lakini kuilenga kwa haki yake mwenyewe hakuwahi hata siku moja.

Mwanzoni mwa 1977 walimfuata pofu dume, yule swala mkubwa kama ng'ombe, kutwa nzima huko Ukambani, na Harjit akampata kwa sababu tu Makau alikataa kuchoka. Asubuhi iliyofuata, wakinywa chai kando ya gari, Harjit alimtazama mwenzake akifunga vitu, akaona aibu fulani ambayo hakuwahi kuiona kabla.

"Mwaka ukiisha, leseni itakuwa ya jina yako," alisema. "Wewe utapiga. Mimi nitabeba majivu."

Makau alimaliza kufunga kamba zote, akaja akasimama karibu na usukani. "Hiyo maneno umesema juu ya njaa ama umesema kweli?"

"Kweli kabisa."

"Sawa, Fundi," alisema Makau, akapanda gari. Njia nzima mpaka Nairobi alikuwa akijichekea peke yake.

Mwezi wa Mei redio ikatangaza kwamba uwindaji umepigwa marufuku nchini kote. Harjit hakubishana na tangazo. Alijua wanyama walivyokuwa wakiteketezwa, na yeye mwenyewe alikuwa amekuta mizoga ya ndovu iliyong'olewa pembe tu. Alirudisha bunduki kwa polisi, akarudi kwenye gereji yake ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo yeye na rika lake waliendelea kuiita Grogan, akaingia chini ya gari na kukaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akamtafutia Makau kazi ya uaskari wa geti katika nyumba moja ya Lavington, kwenye kuta ndefu na mbwa wanaolishwa vizuri. Jumapili Makau alikuja Muthangari kwa miguu, wakakaa kwenye veranda ya nyuma wakinywa chai, wakizungumza juu ya wanyama wale wale. Ahadi ile haikutajwa tena. Ilikaa tu kati yao, kama mgeni ambaye hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumuuliza ataondoka lini.

Ajit alikwenda Marekani mwaka wa 1984 kusomea uhandisi. Alisema atarudi baada ya kumaliza, kama wote wanavyosema, kisha akapata kazi, akanunua friji, na hapo mama yake akajua hatarudi. Majina ya majimbo ya huko Harjit hakuyashika vizuri. Lile la kwanza ambalo mwanawe aliishi aliliita Jimbo la Jangwa, na siku moja kutoka huko Ajit akapiga simu na kusema, kwa Kipunjabi kama walivyozungumza daima, "Baba, huku watu wanawinda. Kisheria."

Harjit alikaa chini. Hakuwa amejua kwamba bado anaweza kupigwa moyo na neno moja kiasi kile.

"Wanawinda nini?"

Ajit alimweleza habari za elki, mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kama pofu kijana, mwenye pembe zilizotawanyika kama matawi ya mti mkavu, ambaye majira yake yakifika hulia kwa mluzi mrefu hadi bonde zima linaitika.

"Leseni anatoa nani? Nipe namba nimpigie simu."

"Hakuna wa kupigiwa, Baba. Unatuma jina, majina yote yanaingizwa kwenye kura, wachache wanachaguliwa."

Harjit alikasirika. Katika siku zake mtu alifika ofisi ya wanyama asubuhi, akasalimiana na karani, akauliza habari za watoto wake, akaandikiwa bloki yake ya kuwindia, akaenda zake. "Wanyama wanagawanywa kama zamu ya chama cha akina mama!" alimlalamikia Satwant. Lakini kilichofuata katika maelezo ya Ajit ndicho kilichomnasa, na Jumapili aliingojea miguu ya Makau kwenye kokoto kama mtoto anayengojea sikukuu.

"Makau, sikia hii. Kule ukikosa, wanakuandikia alama moja. Mwaka ingine unaingia na alama yako, unakuwa mbele ya yule hana. Ukikosa tena, wanaongeza."

Makau alikoroga chai yake taratibu. "Sasa hao watu wanalipa mtu kwa kukosa?"

"Ndiyo!"

"Basi mimi na wewe tungekuwa matajiri sana."

Walicheka mpaka Satwant akachungulia dirishani. Tangu hapo Ajit alituma jina la baba yake kila mwaka, na kila mwaka baba alikosa, na kila kukosa kukawa hatua moja mbele. Ndiyo maana ya furaha ile ya kila Juni. Nchi hii haikumwandikia mtu chochote kwa yale aliyokosa, lakini kule palikuwa na mahali ambapo hamu yenyewe ilihesabiwa.

Kisha mwaka wa 1990 Ajit akabadilisha kazi na kuhamia jimbo jingine, ambalo Harjit aliliita Jimbo la Milima.

"Na alama zangu? Utazibeba vipi?"

"Hazibebeki, Baba. Kila jimbo lina hesabu yake. Ukihamia kwingine unaanza sifuri, sawa na mtu aliyehama foleni ya benki. Na mimi mwenyewe lazima niishi hapa miezi sita kwanza ndipo nihesabiwe mwenyeji. Wenyeji wana fungu lao kubwa, wageni dogo."

Harjit angeweza kuziacha alama zake ziendelee kukua kule jangwani, lakini angefikia kwa nani, na mwanawe hayupo? Alinung'unika wiki nzima. Kitu kilichomsumbua zaidi ni ile miezi sita. "Sisi tumezaliwa hapa Nairobi," alimwambia Satwant, "babu yangu alikuja kujenga reli, na bado mtu akiniona anauliza nimetoka wapi. Kumbe kuna mahali miezi sita inatosha." Satwant alimwambia basi ahamie huko, na jiko la mkaa aende nalo.

Hapo pa kuanza upya ndipo Harjit alipokosea, na hakukosea kwa ubaya. Ajit aliuliza, "Safari hii niandike jina la nani?" Naye akajibu, "Langu," bila kufikiri, kama alivyomjibu karani wa ofisi ya wanyama miaka yote ya ujana wake. Ahadi hakuwa ameisahau. Hapana, ndiyo iliyokuwa ikimsukuma. Lakini kichwani mwake kibali kilikuwa kitu cha kuzungumzika: kwanza kitoke, halafu mtu aende amwone karani, amsalimie vizuri, jina la Harjit lifutwe liandikwe la Makau. Hivyo ndivyo mambo yalivyofanyika katika kila ofisi aliyowahi kuingia. Haikumpitia akilini kwamba kuna ofisi duniani isiyokuwa na karani wa kusalimiwa.

Mwaka wa 1996 Ajit alipiga simu mapema, kabla ya mwisho wa kutuma majina. Sauti yake ilikuwa imechangamka.

"Baba, una alama sita. Mwaka jana kila mtu mwenye sita alipata. Ukituma sasa, unapata. Anza kufanya mazoezi ya kupanda vilima."

Harjit aliinama juu ya simu. "Vizuri sana. Kikitoka, utaenda kuwaona wakibadilishe kiwe cha Makau."

Simu za ng'ambo za wakati ule zilikuwa ghali, na Ajit akaenda moja kwa moja kwenye jambo.

"Hakibadilishwi, Baba. Jina lililotoka ndilo hilo."

"Basi tuombe pamoja, mimi na yeye."

"Mnaweza. Wanakubali kikundi. Lakini kikundi kinahesabiwa kwa alama za yule mwenye chache zaidi. Makau ana ngapi? Hana hata moja. Hukuwahi kuniambia nimwandike."

Mchana wa siku iliyofuata Harjit alitembea hadi Lavington. Gari alikuwa nalo, lakini alitaka njia iwe ndefu. Alimkuta Makau amekaa kwenye kibanda cha geti, koti la uaskari limefungwa hadi shingoni, nywele zote zimekuwa nyeupe, ungedhani yeye ndiye amemwagiwa yale majivu. Harjit alimweleza yote bila kupunguza: alama sita, jina lisilobadilishwa, kikundi kinachohesabiwa kwa alama za mwenye chache.

"Mimi naweza kuenda mwaka huu," alimaliza, macho yakiwa chini. "Hata wewe unaweza kuja, kutembea na mimi si makosa. Lakini utabeba majivu. Kama zamani."

Gari la mwenye nyumba likaja. Makau alifungua geti, akapiga saluti, akafunga, akarudi.

"Nitabeba, Fundi. Mimi sijakataa kubeba." Alishusha pumzi. "Lakini usiende ukasema Makau hakutaka kupiga. Mimi nilitaka. Nimetaka tangu ile asubuhi ya pofu. Na kila mwaka ukiniambia umekosa, mimi nilikuwa nafikiri tumekosa."

Harjit aliwahi kuangukiwa na injini mguuni, na haikumuuma namna hii. Alimshika Makau bega, akageuka, akarudi Muthangari akiwa hata hasikii magari yanayompigia honi.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Harjit alimtamani elki yule jinsi mtu mwenye homa anavyotamani maji. Alikwisha kumwona mara nyingi akiwa chini ya magari ya watu: bonde lenye ukungu, mluzi ule mrefu, bunduki begani tena baada ya miaka kumi na tisa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita na goti la kulia lilikuwa limeanza kumsaliti kwenye ngazi. Alijua vizuri kwamba akiuacha mwaka huu, hakuna atakayemwahidi mwingine. Alimwambia Satwant hayo yote, akamwambia pia kwamba anataka kwenda, anataka sana mpaka anaona haya.

Satwant aliacha kushona. "Nenda, basi. Hakuna atakayekulaumu. Makau mwenyewe hatakulaumu, na hilo ndilo litakalokushinda kumeza."

Jioni ile ile alimpigia mwanawe. "Andika majina mawili. Kikundi."

"Baba, mtahesabiwa sifuri. Ni miaka mingine sita au zaidi. Goti lako—"

"Andika."

"Na visa ya Makau je? Nauli?"

"Hayo yako mbele. Kwanza jina."

"Haya." Ilisikika sauti ya kalamu ikitafutwa. "Makau nani? Jina lake la pili?"

Harjit na Makau walikuwa wamelala chini ya turubai moja, wamekunywa maji ya chupa moja, Makau alishamtoa mwiba kwenye kope la jicho kwa meno. Jina lake la pili Harjit hakulijua. Hakuna mtu aliyewahi kumtaka aliandike.

"Nitakupigia kesho," alisema kwa sauti ndogo.

Akaenda tena hadi kwenye lile geti. Makau alipoulizwa alilisema polepole, herufi kwa herufi, ili lisije likaharibiwa huko mbali: Makau Ndunda. Akauliza kama wataandika na Makindu pia. Harjit akasema atawaambia waandike na Makindu.

Juni ikaja, na simu ikalia. Walikuwa wamekosa, bila shaka. Safari hii Harjit hakupiga paja. Alingoja Jumapili, na Makau alipotokea kwenye kokoto alisimama kumpokea.

"Tumekosa," alimwambia. "Makau Ndunda ana alama moja."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa."

Makau alitikisa kichwa mara kadhaa kukubali, akavua kofia yake, akaivaa tena. Kisha akasema kwamba kama mambo ni hayo, kuna mtu hapa hajui kubeba majivu, na miaka sita si mingi kwa mwanafunzi mzito kama huyo.

Jumapili iliyofuata wakaenda msituni, upande wa Barabara ya Ngong, si mbali na Dagoretti. Satwant alikuwa ameshona kifuko kipya, cha kilemba cha buluu, na hakulalamika alipompa mumewe. Harjit alitangulia. Nyuma yake Makau alifuata akiwa na fimbo yake ya uaskari begani, na hakuacha kumkosoa: unakanyaga kama trekta, Fundi; usitikise sana, hiyo si chumvi; angalia majani, si viatu yako. Harjit alitikisa kifuko, upepo ukageuka, majivu yote yakamrudia ndevuni. Alisikia nyuma yake kicheko kinazuiwa kwa mkono, na akataka kicheko hicho kisiishe.

Walipofika kwenye uwazi mdogo, Harjit alitikisa tena. Majivu yalielea nyuma, kuelekea kwao, taratibu. Akainua kiganja kusimamisha, kama alivyosimamishwa yeye maisha yake yote. Mbele yao, nusu kwenye kivuli, pongo dume alikuwa amesimama akitafuna, mistari myeupe ubavuni, masikio yanacheza. Hakuwa amewanusa.

Harjit alichuchumaa ili asizuie njia. Goti lilimuuma, akaliacha liume. Makau alisogea, akapiga fimbo begani, akaegemeza shavu. Alisimama hivyo, amenyooka, mikono haitetemeki, mzee wa geti mwenye koti la watu, na Harjit alitamani kwa moyo wake wote fimbo ile iwe bunduki na mahali pale pawe mahali pengine. Hakutamani tena iwe zamu yake.

Pongo akainua kichwa, akaruka, akapotea.

Makau alishusha fimbo. Macho yake yalikuwa yamelowa, naye hakuyafuta.

"Nimekosa," alisema. "Niandikie alama."